Cheni Ikianza Kuruka: Mwongozo Kamili wa Kubadilisha Cheni, Friwili na Sproketi ya Baiskeli ya Kwenda Kazini

Mimi nakaa Kangemi na kazi iko Industrial Area. Asubuhi baiskeli hujiendea yenyewe: Waiyaki Way ni mteremko mpaka Westlands, unapita Museum Hill, unakata katikati ya mji, umefika. Jioni ndipo deni hulipwa. Ukitoka Westlands kupanda kurudi nyumbani, ukasimama juu ya pedali na kuweka uzito wako wote, hapo ndipo cheni mbovu hujitambulisha. Kraa! Mguu unazama ghafla, goti linagonga usukani, na nyuma yako kuna matatu inapiga honi.

Mara ya kwanza kunipata nilinunua cheni mpya tu. Fundi aliifunga upesi, nikalipa, na jioni ile ile ikaruka vibaya kuliko ya zamani. Nilirudi kwake nimefura, nikidai nimeuziwa feki. Haikuwa feki. Ilikuwa nzima, tena nzima mno kwa meno iliyowekewa. Kosa lile lilinigharimu cheni moja na wiki nzima ya kusukuma baiskeli mlimani, na ndilo limenifanya niandike haya.

Kwa nini cheni mpya hukataa meno ya zamani

Watu husema cheni "imevutika". Chuma hakijavutika. Cheni ya baiskeli, iwe ya Black Mamba isiyo na gia au ya baiskeli ya gia 24, ina nafasi ya nusu inchi kutoka pini hadi pini, yaani milimita 12.7. Kila kiungo kinapojikunja, pini husuguana na chuma kinachoizunguka. Vumbi likiingia humo pamoja na oili hugeuka msasa. Pini inaliwa kidogo, tundu linapanuka kidogo, na 12.7 inakuwa 12.8. Kwa kiungo kimoja huoni kitu. Kwa viungo zaidi ya mia moja, cheni imekuwa ndefu.

Cheni ndefu haikai tena kwenye shina la jino. Hupanda juu kidogo na kulila jino upande mmoja, hadi mabonde ya meno yafuate umbo lake. Vikizeeka pamoja hivyo vinaelewana kama mzee na bibi yake, na unaweza kuendesha miezi mingi bila kelele. Siku unapoleta cheni changa yenye nafasi sahihi, haipati pa kukaa. Ukikanyaga kwa nguvu inapanda jino na kuruka.

Kwa hiyo swali la kwanza si "ninunue cheni gani?" Swali ni: cheni niliyo nayo imekula meno kiasi gani? Jibu lake linapatikana kwa kupima, na vipimo havihitaji mashine.

Pima kabla ya kutoa pesa

Chukua tepu ya chuma ya seremala. Ile ya kitambaa ya fundi cherehani iache, inavutika. Usianzie kwenye kile kindoano cha mwisho, maana huwa kinacheza. Anzia alama ya sentimita 10, kisha utoe 10 kwenye jibu. Cheni ikiwa bado kwenye baiskeli, ivute ikaze kwa kubonyeza pedali huku umeshika breki ya nyuma. Weka alama ya 10 katikati ya pini moja, hesabu pini 24 kwenda mbele, usome katikati ya hiyo ya 24.

Cheni mpya itasoma milimita 304.8, ambazo ni inchi 12 kamili. Ukipata 306 au chini, ipake oili uendelee na maisha. Ikisogea kati ya 306.5 na 307, na baiskeli yako ni ya gia sita, saba au nane nyuma, huu ndio wakati mzuri kuliko wote: nunua cheni peke yake, meno bado yataipokea. Zile za gia 11 au 12 nyuma zina cheni nyembamba na hazivumilii, zibadilishe ikifika 306.3. Ikipita 308, jua nyuma umeshachelewa. Nunua cheni na meno ya nyuma kwa pamoja au usinunue kitu.

Black Mamba na baiskeli nyingine zisizo na gia zina cheni pana na meno manene, kwa hiyo zinaweza kuachwa mpaka hiyo 308.

Mbele unapima kwa macho. Shika cheni pale inapokumbatia sproketi ya mbele (lile gurudumu la meno penye pedali), sehemu iliyo mbele kabisa, uivute kuelekea gurudumu la mbele. Ikinyanyuka hadi uone nusu ya jino, kuna kitu kimekwisha. Tazama na umbo: jino zima lina mabega mawili yanayolingana, jino lililokwisha limelala upande mmoja na kuchongoka kama pezi la papa. Sproketi ya mbele huishi muda mrefu kuliko ya nyuma kwa sababu meno yake ni mengi na kila moja hubeba mzigo mara chache. Usikubali kuuziwa mpya kwa sababu tu ya nyuma imekwisha.

Jua unachokwenda kununua

Baiskeli nyingi tunazoendea kazini hapa Nairobi ni mitumba, na kila moja ilikuja na mila za kwao. Ushauri wangu ni mmoja: nenda dukani na spea ya zamani mkononi. Ukishindwa, nenda na majibu haya.

Kwanza, gia ngapi nyuma? Hesabu magurudumu ya meno yaliyo nyuma tu. Ile "21" iliyoandikwa kwenye fremu ni tatu za mbele mara saba za nyuma. Cheni ya gia sita, saba na nane kwa kawaida ni moja. Ya tisa ni nyembamba zaidi, ya kumi nyembamba tena, na huwezi kuchanganya. Ya baiskeli isiyo na gia ni pana, na haitapita kwenye gia za nyuma hata ukiibembeleza.

Pili, ni friwili au kaseti? Hapa ndipo watu wengi huuziwa visivyo. Friwili ni kipande kimoja kinachojifunga kwa nyuzi za skrubu kwenye habu (kitovu cha gurudumu), na ule utaratibu wa "tik-tik-tik" uko ndani yake. Kaseti ni rundo la meno linalochomekwa kwenye habu na kufungwa na nati moja nje. Tik-tik iko kwenye habu yenyewe. Toa gurudumu, zungusha meno kinyumenyume, uangalie pale katikati penye mifereji ya kuingizia kifaa. Mifereji ikizunguka pamoja na meno, hiyo ni kaseti. Ikibaki imetulia huku meno yakizunguka, ni friwili.

Tatu, idadi ya meno. Mara nyingi imechapwa kwenye chuma, au hesabu mwenyewe. Friwili ya 14-28 ina meno 14 kwenye gia ndogo na 28 kwenye kubwa. Ukikaa kwenye mlima unaweza kushawishika kununua yenye 34. Wazo zuri, ila deraila yako ya nyuma, ile inayohamisha cheni kutoka gia hadi gia, lazima iweze kuifikia, na cheni itahitaji kuwa ndefu zaidi. Uliza kwanza.

Vifaa: kitoa pini cha cheni, kifaa cha kufungulia friwili au kaseti kulingana na uliyo nayo (vinafanana sana machoni lakini havibadilishani), spana ya 15, spana za alen kuanzia milimita 3 hadi 8, bisibisi ya nyota, grisi, mafuta ya taa, mswaki wa zamani na vitambaa. Kwa kaseti utahitaji pia mjeledi wa cheni, ambao ni chuma bapa chenye kipande cha cheni mwishoni. Usiuagize mbali. Mtu wa jua kali pale Kamukunji atakuchomelea kutoka kwa chuma bapa na cheni yako ya zamani.

Usitumie petroli kusafishia. Mafuta ya taa yanafanya kazi ile ile, na jiko la jirani likiwa limewashwa hapo koridoni hutajuta.

Kutoa cheni ya zamani

Weka gia ndogo nyuma na ndogo mbele ili cheni ilegee. Pindua baiskeli juu ya katoni, ukiangalia usikandamize vishikio vya gia. Piga picha ya jinsi cheni inavyopita kwenye deraila. Hiyo picha itakuokoa baadaye.

Tafuta kama kuna kiungo cha kufungua kwa mkono. Huonekana tofauti, kina matundu marefu kidogo. Kikiwepo, kibane kwa koleo hadi pini zake mbili zikaribiane. Kisipokuwepo, weka kitoa pini kwenye kiungo chochote, hakikisha ncha imelenga katikati ya pini, uzungushe. Cheni hii haitarudi tena, kwa hiyo isukume pini mpaka nje bila huruma.

Sasa safisha. Deraila, sproketi ya mbele, kila pembe. Ule uji mweusi uliojaa hapo ni mchanganyiko wa oili na udongo mwekundu wa Dagoretti, au ule udongo mweusi unaonata ukiwa mtu wa Embakasi, na ukiuacha utaanza kuila cheni mpya siku ya kwanza.

Friwili: kazi ya jasho

Toa gurudumu la nyuma. Toa nati ya ekseli upande wa gia, chomeka kifaa hadi kizame vizuri ndani ya mifereji. Kama friwili yako ni ya zamani yenye mikato miwili tu badala ya mifereji mingi, rudisha ile nati ya ekseli juu ya kifaa uikaze kwa vidole, ili kisiteleze. Kikiteleza mara moja kitakula mikato, na hapo friwili imekuwa ya milele.

Friwili hufunguka kinyume cha saa. Lakini kila mlima uliopanda umekuwa ukiikaza, kwa hiyo spana ya kawaida mara nyingi haitoshi. Njia isiyo na vita ni hii: bana kifaa kwenye jiliwa, meno yakitazama chini, shika tairi kwa mikono miwili kama usukani wa lori, uzungushe kinyume cha saa. Gurudumu lenyewe ndilo mtaimbo wako. Huna jiliwa? Karibu kila mchomeleaji wa milango ya chuma mtaani anayo, na kazi hii ni ya nusu dakika. Ikigoma, tia oili nyepesi kwenye nyuzi, iache ilale, urudi kesho.

Ikishalegea robo mzunguko, ondoa ile nati iliyoshikilia kifaa kabla ya kuendelea. Nimewahi kusahau. Kifaa kilijikaza dhidi ya nati, na hakikutoka kwa amani.

Kufunga mpya ni rahisi lakini kuna mtego. Nyuzi za friwili ni nyembamba na habu nyingi ni za alumini laini. Paka grisi ya kutosha, weka friwili juu ya habu, kisha izungushe kwanza kinyume hadi uhisi imedondoka mahali pake, ndipo uifuate saa kwa mkono mtupu. Ikikataa au ikikaa upande, toa uanze upya. Ukilazimisha, utanunua habu. Ikifika mwisho kwa mkono inatosha. Mlima wa Kangemi utamalizia kukaza.

Kaseti ni jambo dogo. Mjeledi unashika meno yasizunguke, kifaa kinafungua nati kinyume cha saa, rundo zima linachomoka. Futa mwili wa habu, paka grisi kiasi, chomeka jipya. Mfereji mmoja ni tofauti kwa upana na wenzake, kwa hiyo kaseti huingia kwa namna moja tu. Nati kaza kwa nguvu. Itatoa mlio wa kukwaruza, usishtuke.

Sproketi ya mbele

Kama meno yameshachongoka, angalia sproketi ilivyoshikiliwa. Ikiwa imefungwa kwa bolti nne au tano, unaifungua kwa alen ya 5, na nyuma unazuia nati zisizunguke kwa bisibisi bapa. Ikiwa imepigwa ribiti kwenye kranki (mkono wa pedali), kama zilivyo baiskeli nyingi za bei nafuu, utabadilisha kranki ya kulia nzima.

Kutoa kranki ya ekseli ya mraba: fungua bolti ya katikati (spana ya boksi ya 14 au alen ya 8), na hakikisha washa yake imetoka pia. Skrubu kivuta kranki hadi mwisho kabisa wa nyuzi, ndipo ukaze ncha yake. Ukikiingiza nusu kitang'oa nyuzi zote, na kilichobaki ni nyundo na maombi. Na ukitaka kutoa pedali, kumbuka ya kushoto inafunguka kwa kufuata saa, kinyume na akili ya kawaida.

Ukiwa hapo, tikisa vile vigurudumu viwili vidogo vya deraila. Meno yake yakiwa makali kama ya msumeno, vibadilishe. Ni bei ndogo. Usivichanganye: mara nyingi cha juu kina uchezaji kidogo wa kushoto na kulia kwa makusudi, kwa sababu ndicho kinachoongoza cheni kwenye gia.

Kufunga cheni mpya

Ilaze ya zamani na mpya sambamba mezani. Hesabu viungo, usilinganishe urefu, maana ya zamani imekuwa ndefu kwa uzee. Kata mpya iwe na idadi ile ile.

Ikiwa umebadilisha idadi ya meno, au unashuku ya zamani ilikatwa vibaya, tumia kipimo hiki: zungusha cheni kwenye gia kubwa kabisa nyuma na kubwa kabisa mbele bila kuipitisha kwenye deraila, ivute, tafuta mahali inapoweza kukutana, kisha ongeza viungo viwili, yaani inchi moja. Cheni fupi ni hatari kuliko ndefu. Siku utakapoingia kubwa na kubwa kwa bahati mbaya, inaweza kung'oa deraila.

Ipitishe ukifuata ile picha. Kwenye deraila cheni hupita kama herufi S, na katikati kuna kijiulimi cha chuma; cheni inapita upande wa vigurudumu. Ukiipitisha nyuma ya kijiulimi hicho itazunguka, lakini itakwaruza daima, na utatafuta kelele hiyo siku nzima.

Unganisha kwa kiungo cha mkono. Chomeka pande zake mbili, kilete sehemu ya juu ya cheni, shika breki ya nyuma, kanyaga pedali. Utasikia "tap". Ukirudishia pini ya cheni hiyo hiyo mpya, kwenye cheni ya gia sita hadi nane, usiisukume nje kabisa wakati wa kukata, na ukishaunganisha kikunje kiungo hicho kushoto na kulia kwa vidole mpaka kilainike. Kwa cheni ya gia tisa na kuendelea, pini iliyotolewa isirudishwe.

Gia zisiposikiliza

Meno mapya huweza kukaa milimita moja tofauti na ya zamani. Kwenye deraila kuna skrubu mbili, H na L. H inazuia cheni isianguke nje ya gia ndogo, L inazuia isipande juu ya gia kubwa na kuingia kwenye spoku. L ichukulie kwa uzito: cheni ikiingia kwenye spoku ukiwa unapanda, gurudumu linaweza kujifunga hapo hapo. Ukiwa kwenye gia kubwa, sukuma deraila kwa mkono kuelekea spoku. Ikitaka kupita gia hiyo, kaza L kidogo kidogo.

Baada ya hapo ni waya. Kama cheni inasita kupanda gia kubwa zaidi, legeza kile kipipa cha kuzungusha penye mwisho wa waya kwa robo mzunguko kinyume cha saa. Kama inasita kushuka, kizungushe kufuata saa. Robo, jaribu, robo tena. Waya wenye kutu hautatulia hata ukeshe nao, ubadilishe.

Jaribu kwanza mahali pasipo na magari, ukiwa umekaa, kwenye gia ya katikati, ukikanyaga taratibu na kuongeza. Ikiruka kwenye gia moja tu, meno ya gia hiyo yamekwisha. Ikiruka kwenye gia zote lakini kwa mpango, kila baada ya mizunguko miwili na kitu ya pedali, una kiungo kimoja kigumu. Zungusha pedali kinyumenyume taratibu uangalie kinapopita kwenye deraila, utakiona kikijikunja vibaya. Ikiruka ovyo ovyo mbele, huku nyuma iko sawa, rudi kwenye sproketi ya mbele.

Kwa wenye Black Mamba

Kranki za Mamba hushikwa na kotapini, yaani pini yenye umbo la kabari. Legeza nati yake hadi ilingane na ncha, wekea bomba la chuma chini ya kranki likisimama sakafuni, kisha piga nyundo mara moja ya nguvu kupitia kipande cha mbao. Bila bomba hilo unazipiga goroli za ndani. Nunua kotapini mpya, usirudishe iliyopinda.

Cheni yake ina kiungo chenye klipu. Upande wa klipu uliofungwa utazame kule cheni inakoelekea. Ukiugeuza, klipu itakutoka njiani. Kaza gurudumu la nyuma ukiacha cheni icheze juu na chini kama sentimita moja, na uzungushe pedali duara zima, maana sproketi hizi huwa si duara kamili na cheni hukaza mahali pamoja.

Oili

Cheni mpya huja na mafuta yake ya kiwandani. Usiyaoshe, futa nje tu. Baadaye, tone moja kwa kila kiungo upande wa ndani, zungusha, subiri, kisha futa hadi kitambaa kisichafuke sana. Oili chafu iliyomwagwa gereji ni bure, na imejaa vumbi la chuma. Mafuta ya kupikia hugeuka gundi. Kati ya Machi na Mei mvua inaponyesha kila jioni mimi hupaka kila wiki. Januari na Februari vumbi likitawala, napaka kidogo na kufuta sana.

Cheni ya zamani usiitupe. Kata kipande cha sentimita 30 kiwe mjeledi wako, na kilichobaki mpe mchomeleaji aliyekuazima jiliwa.